Bi Mwatime na Shule Tatu za Wageni

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa gani hiyo, mmekula au mmefunga? Na wewe kule nyuma, tema huo muwa kwanza, hadithi haisikilizwi huku mtu anatafuna. Haya. Paukwa!

Pakawa!

Naam, hapo sawa. Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata bibi yake bibi yangu alizisikia tu, palikuwa na Bonde la Matete. Katikati ya bonde pana ziwa. Kando ya ziwa pana mgunga mkubwa, miiba tele. Na juu ya mgunga walikaa minana. Mnamjua mnana? Yule ndege mdogo wa manjano, mwenye kelele nyingi, anayesuka kiota kikaning'inia mlango chini. Huyo huyo.

Sasa minana walikuwa na desturi yao. Mwanamume akishasuka kiota, hakilaliwi. Hakilaliwi mpaka kikaguliwe. Na mkaguzi wao alikuwa Bi Mwatime, mwanamke mfupi, macho makali, maneno machache. Akifika kwenye kiota hasifu, halaumu. Anakishika kwa mdomo, anavuta. Vuta huku! Vuta kule! Vuta juu! Vuta chini! Kikistahimili, anaitikia kwa kichwa, anakwenda zake. Kikilegea, anasema neno moja tu: "Fumua!"

Na akishasema fumua, hakuna wa kutetea. Kiwe cha mzee, kiwe cha bwana harusi, kinafumuliwa pale pale. Nyasi nzuri zinachambuliwa, zinawekwa kando. Mbovu zinatupwa majini. Mwenye kiota anaanza upya, na hanuni. Maana masika ya bonde lile hayakuwa na huruma, na chini ya mgunga, majini, Kenge alikuwa amekaa mdomo wazi.

Bi Mwatime alizaa watoto watatu. Wawili walikwenda na Kenge, mwaka ule alioona haya kumvuta mumewe kiota chake, kikaanguka majini. Akabaki na mmoja, binti, jina lake Sikujua. Basi tangu mwaka ule Bi Mwatime haoni haya kwa mtu. Ungekuwa wewe ungeona?

Siku moja, parrr! Wageni wakashuka bondeni. Walitoka ng'ambo ya milima, kwao kuna baridi inayokata mifupa. Alikuwepo Tausi na mkia wake. Alikuwepo Bata Bukini na shingo yake. Alikuwepo Bata Mzinga na yale madude mekundu yanayomning'inia kidevuni. Kila mmoja na wake zake na jamaa zake wachache. Wenyeji wakawapokea. Wakawapa kumbikumbi waliokaangwa na jua, wakawapa maji, wakawapa kivuli.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wapi! Siku ya tatu ni wageni waliowapa wenyeji jembe. Wakashuka kwenye tope, wakachora mistari kwa kucha. "Huku kwangu. Huku kwako. Huku kwa yule." Mwenyeji hakuulizwa. Mgunga wa minana ukaangukia kwa Tausi. Nyasi za Chifu Kwale zikaangukia kwa Bata Bukini. Mkuyu wa kina Tetere, wale njiwa wadogo, ukaangukia kwa Bata Mzinga.

Kazi ikawa nyingi. Nani atawaokotea wageni kumbikumbi? Nani atapeleka maneno yao huku na huku? Wakatazamana, wakasema, "Hawa hawajui kitu. Tuwafungulie shule."

Bata Bukini alikuwa mtaratibu. "Kwaa! Mimi mila zenu siziingilii," alisema. "Imbeni nyimbo zenu, oaneni mnavyooana. Nipeni watoto wa machifu tu, wachache. Hao nitawafundisha kugonga kengele, kupeleka barua na kusimama wima. Wengine wanafaa kwa kazi za mikono, na wafundishwe kuchimba mitaro." Na kweli, somo la kwanza alifundisha kwa lugha ya kina Kwale wenyewe. Lakini aliyetaka kupanda juu, ilimbidi alie "kwaa" kama bwana. Waliopanda walihesabika kwa kucha za mguu mmoja.

Bata Mzinga yeye alifungua mlango wazi. "Gulu-gulu-gulu! Waje wote! Wake kwa waume, wanene kwa wembamba!" Wakaja wote kweli, mkuyu ukajaa. Akawafundisha kupanda tawi la kwanza. Ruka, tua. Ruka, tua. Wakajua. Mwaka wa pili, tawi la kwanza. Mwaka wa tatu, tawi la kwanza. Mama Tetere akauliza kwa adabu, "Bwana, na tawi la pili?" Bata Mzinga akamjibu, "La pili halina haraka, mama."

Na Tausi? Ee, Tausi alikuwa na maneno matamu. "Miaaa! Kwangu hakuna mkubwa wala mdogo. Yeyote aweza kuwa tausi! Asahau tu alivyokuwa." Akawafunga watoto wa minana mikia ya majani marefu. Akawakaririsha kila asubuhi, "Babu zetu tausi walikuwa na mikia ya buluu." Babu zenu wapi! Babu yao mnana, mkia wake haufiki hata urefu wa kidole changu. Na mtoto aliyeteleza akasema neno la kimnana alivishwa gamba la konokono shingoni. Analivaa siku kutwa, wenzake wanamcheka, mpaka amsikie mwingine akiteleza amvishe yeye. Basi watoto wakawa wanaviziana. Ndugu kwa ndugu, jamani!

Sikujua ndiye aliyeongoza darasa. Lugha ya Tausi ilimkaa mdomoni kama ya kuzaliwa nayo.

Siku moja Bi Mwatime akaenda kumwona mwanawe. Akambebea kumbikumbi, wale wanene wa mvua ya kwanza. Akasimama uani, akaita, "Sikujua! Mwanangu, hujambo?"

Sikujua akageuka. Akamwona mama yake. Akaona na wenzake wanatega masikio, gamba limening'inia kwenye mwiba. Akajibu kwa lugha ya Tausi, maneno marefu yenye kupanda na kushuka, kisha akamgeuzia mgongo.

Bi Mwatime hakuelewa hata neno. Akawaweka wale kumbikumbi chini, akaruka, akaenda kukaa peke yake kwenye tete. Moyo ulimuuma. "Wawili aliwala Kenge," akasema, "na huyu wa tatu yu hai ananikana." Akalia. Ndiyo, yule yule wa macho makali alilia mpaka akachoka.

Haya, twende. Wageni hawakukaa wakapatana. Kila mmoja alijiona ndiye mwalimu. Tausi akasema, "Mimi nawapa utu." Bata Bukini akasema, "Mimi nawapa utaratibu." Bata Mzinga akasema, "Mimi nawapa wote." Wakabishana mpaka matete yakatikisika. Mwisho wakakubaliana wafanye mashindano. Kila mwalimu alete mwanafunzi wake. Atakayeshinda, watoto wote wa bonde ni wake, wasirudi tena kwa wazazi mpaka waote manyoya ya uzee.

Wakatafuta mwamuzi. Wakaambiwa, "Hapa kuna mkaguzi, Bi Mwatime. Neno lake bonde zima linalifuata."

"Mkaguzi!" wakafurahi. "Kumbe hata hawa wana wakaguzi!"

Miaka yote ile wameishi chini ya mgunga, hakuna aliyeuliza yule mama anakagua nini, na anakagua vipi. Mwalimu mzima, hajui kuuliza! Wakasimama mbele ya ndege wote wakaapa, "Neno lake ndilo la mwisho. Hakuna wa kulipinga." Wenyeji wakatazamana.

Majirani wakamjia Bi Mwatime mmoja mmoja. Mama Tetere akasema, "Shoga, mchague Bukini. Angalau hamvishi mtu gamba." Chifu Kwale akasema, "Hapana, mchague Mzinga. Angalau hachagui wakubwa na wadogo." Chifu huyo anasema hivyo, na mwanawe yuko kwa Bukini! Mwingine akanong'ona, "Mchague Tausi, Bi Mwatime. Shule yake iko hapa hapa mgungani. Angalau utakuwa unamwona Sikujua kwa mbali."

Hilo la mwisho lilimwingia. Msimlaumu, alikuwa mama. Alikaa akiliwaza siku mbili. Kumwona kwa mbali. Kumsikia sauti, hata kama haelewi. Je, si afadhali kuliko kumkosa kabisa?

Siku ikafika. Ndege wote uwanjani, chwi-chwi-chwi, hapasikiki. Wageni wameketi mbele, vifua mbele.

Akatoka kijana wa Chifu Kwale. Akagonga kengele, ngo! ngo! Akasimama wima kama mti wa uzio. Akasoma barua ya Bata Bukini bila kukwama. Watu wakapiga mabawa. Bi Mwatime akamkaribia.

"Mwanangu, masika yakishuka leo, utalala wapi?"

"Nitapeleka taarifa kwa Bwana."

"Na Bwana akiwa amelala?"

Kijana akaigeuza barua, akatafuta jibu nyuma yake. Bi Mwatime akamgusa bega, akampita.

Wakatoka watoto wa kina Tetere, hamsini nzima, mstari mmoja. Ruka! Wakatua tawi la kwanza la mkuyu kwa pamoja, pwata! Ilipendeza, siwezi kusema uongo. Bi Mwatime akamuuliza wa mbele, "Maji yakifika tawi hilo, mtakwenda wapi?"

Mtoto akatazama juu. Akaliona tawi la pili, liko pale, mwendo wa kupiga mbawa mara mbili tu. "Hatujafika huko," akasema.

"Kwa nini?"

"Hatujaambiwa."

Kisha akatoka Sikujua. Mkia wa majani nyuma, kichwa juu. Akaghani shairi refu la Tausi, na Tausi mwenyewe akafumba macho kwa raha. Bi Mwatime akamsogelea binti yake. Akamuuliza kwa kimnana, taratibu, "Mwanangu. Masika yakishuka leo, utalala wapi?"

Sikujua akatazama pembeni. Msaidizi wa Tausi alikuwa ameshaliweka gamba karibu, tayari.

Tausi akacheka. "Hajibu lugha ya porini huyu! Ameelimika!"

Bata Bukini akasonya. Akamgeukia Tausi, akaanza kumkoromea. Na wageni hao wakigombana wao kwa wao hutumia lugha ya Tausi, maana ndiyo iliyowakutanisha wote. Wakapandishiana. Kwaa! Miaaa! Gulu-gulu! Wenyeji wasiosoma kwa Tausi wanasikia kelele tu, hawajui kinachosemwa. Lakini Bi Mwatime hakuwa anawatazama wageni. Alikuwa anamtazama mwanawe. Akaona manyoya ya shingo ya Sikujua yanasimama, moja moja.

"Wanasema nini?" akauliza.

Sikujua akamtazama mama yake. Akamtazama Tausi. Akalitazama lile gamba. Halafu, jamani, mnajua alifanya nini? Akaliendea mwenyewe. Akaliokota. Akajivisha shingoni kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu wote.

"Nimelivaa," akasema kwa kimnana, sauti juu. "Sasa nasema, na anicheke anayetaka! Bukini anamwambia Tausi: umempoteza mtumishi mzuri, huyu hata kuokota kumbikumbi hataki tena. Tausi anamjibu: bora wangu, anayetamani kuwa mimi hawezi kunifukuza. Na Mzinga anawaambia wote wawili ni wapumbavu. Anasema, mnawafundisha kupita kiasi! Mimi nimewaacha tawi la kwanza kwa makusudi. Wakifika la pili wataona juu ya matete. Wakiona juu ya matete watatuhesabu, na watajua tuko wachache!"

Hata Kenge majini alifunga mdomo.

Yule mtoto wa Tetere aliyekuwa mbele akatazama juu. Hakumuuliza mtu. Prrr! Akatua tawi la pili. Akanyoosha shingo, akatazama huku, akatazama kule.

"Mama!" akapaza sauti. "Ni wachache! Wamejaa kamstari kamoja tu!"

Prrr! Prrr! Prrr! Hamsini wote wakapanda.

Wageni wakaona mambo yamewageukia. Bata Bukini akakohoa, akarudi kwenye upole wake. "Bi Mwatime, tusikawie. Wewe ni mwamuzi. Chagua. Ni nani kati yetu mwalimu bora?"

Bi Mwatime akasimama katikati. Alikuwa haonekani kwa ufupi, lakini alisikika hadi ng'ambo ya ziwa.

"Mnaniuliza nani bora! Mmoja amefunga mlango, mmoja amefunga ngazi, mmoja amefunga mdomo wa mwanangu. Nimewavuta huku, mmelegea. Nimewavuta kule, mmelegea. Shule zenu hazikusukwa zitulaze sisi, zilisukwa ziwalaze ninyi. Na mimi karibu nichague! Karibu nimchague aliyeniumiza karibu na nyumbani, nikamwita bora. Sichagui. Fumua!"

"Nini?" akafoka Tausi. "Tulisema uchague!"

"Mlisema neno langu ndilo la mwisho. Mliapa. Hamkuuliza neno langu huwa ni lipi. Fumua!"

"Fumua!" wakaitikia minana.

"Fumua!" wakaitikia kina Tetere kutoka juu, na kina Kwale kutoka nyasini, na kijana wa chifu akaitupa barua.

Basi wakazishukia. Vuta huku! Vuta kule! Mapaa ya shule yakaenda, kuta zikaenda, mistari ya topeni ikapigwa mabawa ikafutika. Bata Mzinga alinyoosha kucha atishe, akaona macho yote yale juu ya mkuyu, akazikunja taratibu. Jioni haikufika wakaondoka, wanapanda mlima huku bado wanalaumiana kosa ni la nani.

Lakini sikilizeni, msifikiri wenyeji walitupa kila kitu. Si desturi yao. Walichambua. Kengele wakaibakiza, ya kuitia watoto. Lugha ya Tausi wakaibakiza, maana ndiyo iliyowafichulia siri, nani atatupa silaha kama hiyo? Mlango wazi wa Mzinga wakaubakiza, kila mtoto aingie. Magamba, mikia ya majani na ule mpaka wa tawi la kwanza, majini! Wakaanza kusuka shule yao wenyewe, ya kuanzia kwa lugha ya nyumbani na kupanda hadi kilele.

Mngedhani Bi Mwatime alistarehe. Mtoto amerudi, wageni wamekwenda, alitaka nini tena? Siku ya tatu, mashangazi wakiwa wamekaa pale mgungani, akamkuta Sikujua amekaa kando ya wenzake, amenuna.

"Una nini, mwanangu?"

"Mama, nina neno, lakini utakasirika."

"Sema."

"Kule walinijaza upuuzi, nimeutema. Lakini nilipokaa na lile gamba shingoni nilijifunza kitu kimoja, kuuliza. Na sasa siwezi kuacha. Kwa nini sisi minana wa kike tunakagua tu? Kwa nini kusuka ni kwa wanaume peke yao? Mlango huo aliufunga nani? Si Bukini. Si Tausi. Walikuta umeshafungwa."

Bi Mwatime akafumbua mdomo aseme, "Ndivyo tulivyokuta." Hayo ndiyo maneno aliyoyasikia kutoka kwa kila mwenye kiota kibovu tangu aanze kazi. Akaona aibu. Akaona na hasira, maana mtoto aliyemzaa alikuwa amemshika ukingoni anamvuta, mbele ya mashangazi. Akamkumbuka mumewe, na kile kiota, na wale wawili. Angekuwa anajua kusuka, angeziba mwenyewe tundu lililowaangusha.

Kisha akasema, "Hapo nimelegea."

Mashangazi wakashtuka. Wengine wakaguna, mmoja akaondoka kabisa kwa hasira. Bi Mwatime hakuwajali. Akasogea kwenye tawi akampisha binti yake.

"Suka," akasema. "Na mimi unifundishe ukishajua. Mimi najua kuvuta tu."

Masika yakashuka, pu-pu-pu, usiku na mchana. Kiota cha Sikujua kilivuja upande mmoja, tena kilivuja sana. Lakini hakikuanguka, na Kenge alilala na njaa.

Basi ninyi mliokaa hapa, wakubwa kwa wadogo, shikeni neno. Mtu akikujia na swali, kati ya waliotutawala nani alifundisha vizuri zaidi, usikimbilie kuchagua. Muulize kwanza alifundisha kwa faida ya nani. Elimu ya mgeni ichambueni, zuri mshike, baya mtupe. Na ya kwenu pia ichambueni, msiionee haya. Asiyekubali kuvutwa, masika yatamvuta.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mwenye watoto nyumbani akawasimulie, na wakimuuliza kwa nini, asiwafokee.